Vigingi vya Kanam, Mashamba ya Mbita

Januari 1935, Profesa Percy Boswell, mwanajiolojia mwenye jina kubwa Uingereza, alifika kwenye makorongo ya Kanam, chini ya Mlima Homa, kando ya Ghuba ya Winam. Alikuja kuona hasa pale ambapo tarehe 29 Machi 1932 Juma Gitau, mmoja wa wafanyakazi wa Louis Leakey, aliokota kipande cha taya la binadamu. Leakey alikuwa ametangaza kwamba taya hilo ni la kale mno, na kwamba ukoo wa mtu wa leo ulianza hapa Afrika Mashariki mapema kuliko wataalamu walivyodhani. Waliokutana Cambridge mwaka 1933 kulichunguza walikubaliana naye kwa sehemu kubwa. Boswell akasema hasadiki mpaka aone tabaka la udongo lililotoa mfupa huo.

Hakuliona. Leakey alikuwa ametia alama kwa vigingi vya chuma, na vigingi havikuwepo tena. Wenyeji walikuwa wamevichukua, maana ufuoni chuma ni mali, na mvuvi hakosi la kufanya nacho. Mvua za misimu kadhaa zilikuwa zimekula kingo za makorongo hadi sura ya mahali imebadilika. Picha ambayo Leakey aliitegemea ikagunduliwa kuwa ni ya sehemu nyingine. Machi mwaka huo huo Boswell aliandika katika jarida la Nature kwamba ushahidi wa Kanam, na wa Kanjera jirani yake, hauwezi kutegemewa. Leakey alikuwa na umri wa miaka 31, na jina lake likaanguka kwa muda mrefu.

Kisa hiki husimuliwa kama habari ya kijana mwenye papara aliyenyoroshwa na mzee mwenye nidhamu. Ukweli huo haukwepeki. Lakini Leakey hakuwa mtu wa fani moja. Alizaliwa Kabete mwaka 1903, akakua akizungumza Kikuyu kama vijana wenzake, na huko Cambridge akasoma lugha, Kifaransa na Kikuyu, kabla ya kuhamia akiolojia na anthropolojia. Upana huo ndio uliomleta hadi ukingo wa ziwa, mahali ambapo wasomi wengi wa Ulaya wa siku hizo wasingefikiria kutafuta asili ya mwanadamu. Kilichomponza ni kwamba kazi yake ilipofika mpaka wa jiolojia, aliuvuka bila mwanajiolojia. Na ilipofika mpaka wa jirani, aliacha chuma peke yake kimlindie siri. Kigingi hakijilindi. Hulindwa na watu wanaojua kwa nini kimesimama pale.

Nimeanzia Kanam kwa sababu wanaotetea elimu pana hupenda kuanzia kwenye ushindi. Historia ya ufuo huu, kuanzia Gwassi hadi Rusinga, Mbita na rasi ya Homa, inaonyesha yote mawili: upana unavyofungua njia na unavyoponza ukikosa umakini.

Hata ardhi yenyewe haikubali kusomwa kwa fani moja. Kisegi na vijiji jirani viko katika nchi ya milima ya Gwassi, na milima hiyo ni mabaki ya volkano kubwa ya zamani ambayo wanajiolojia huiita Kisingiri. Miaka takribani milioni 18 iliyopita majivu yake yalitanda hadi inakokaa Rusinga leo. Yalikuwa majivu ya namna adimu, yenye chokaa na magadi, na yalipofunika kitu yalikihifadhi haraka. Ndiyo maana Rusinga haikutoa mifupa peke yake, bali mbegu, matunda, wadudu na mijusi, viumbe laini ambavyo kwa kawaida huoza siku chache baada ya kufa. Anayejua mifupa tu ataokota mifupa na kuondoka. Kujua kwamba pale palikuwa na msitu, na ni miti gani ilizaa matunda gani, kunataka mtu wa mimea, wa wadudu, wa miamba na wa kemia wakae meza moja.

Kabla ya Leakey kupata sifa, kasisi mmoja alikuwa ameshaanza kupitapita katika nchi hii akiokota mawe na visukuku. Walter Edwin Owen alikuwa Archdeacon wa Kavirondo katika Kanisa la Anglikana kuanzia 1918 hadi kifo chake 1945. Kazi aliyoajiriwa kuifanya ilikuwa kuhubiri na kusimamia makanisa. Aliifanya, na pamoja nayo akakusanya zana za mawe, akaandika makala za akiolojia, akashirikiana na Leakey. Akaongeza lililowaudhi walowezi zaidi: mwaka 1923 alisaidia kuunda Kavirondo Taxpayers' Welfare Association, chama kilichofikisha malalamiko ya Waafrika serikalini, na kwa miaka mingi aliandika kupinga kazi za kulazimishwa na ajira ya watoto. Walowezi walimbadilishia cheo wakamwita Archdemon. Chama kile kilikuwa na kasoro zake. Wapo wanahistoria wanaoamini kwamba Owen aliupoza moto wa siasa uliowashwa na vijana wa vuguvugu la Piny Owacho mwaka 1921, na nadhani wana hoja. Hata hivyo kasisi anayesoma miamba jioni na sheria za kodi asubuhi si mtu wa kupuuzwa.

Leakey naye alirudi. Mwaka 1947 alikuja Rusinga na msafara uliokuwa na mwanajiolojia wake, Robert Shackleton, wa kuchora ramani ya matabaka. Kosa la Kanam halikurudiwa. Tarehe 2 Oktoba 1948 mkewe Mary aliona jino likichungulia mtelemkoni, na wakafukua fuvu la Proconsul, nyani mkubwa wa kale, kamili kuliko lolote lililojulikana hadi siku hiyo. Mary alilisafirisha kwa ndege hadi Uingereza akiwa amelipakata. Mtu aliyeaibishwa kwa kukosa tabaka alikuwa sasa na tabaka, ramani na mashahidi.

Mwaka huo huo wa 1948, kijana mmoja ambaye kwao ni Rusinga alikuwa Kabete akisomea usafi wa miji. Tom Mboya alizaliwa mwaka 1930 Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako baba yake alifanya kazi katika shamba la mkonge. Alipita Kabaa, Yala na Mang'u. Karo ilipokosekana ya kuendelea, akachukua njia iliyokuwapo: kozi ya ukaguzi wa afya, ambayo serikali iliilipia. Akawa bwana afya wa Baraza la Jiji la Nairobi. Kazi ya bwana afya ilikuwa na mipaka iliyo wazi: kupima maziwa, kukagua nyama, kuangalia vyoo na mifereji, kuandika ripoti.

Mboya mwenyewe ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1963, Freedom and After, jinsi siku moja mwanamke wa Kizungu aliingia ofisini, akamtazama, kisha akauliza kama kuna mtu humo ndani. Kijana akamuuliza kama macho yake yana kasoro. Kisa hiki hukumbukwa kwa jibu hilo kali. Mimi hukikumbuka kwa kilichofuata, kwa kuwa Mboya hakuishia kwenye jibu. Alianza kuuliza kwa nini mkaguzi Mwafrika analipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa Mzungu anayefanya kazi ile ile, akaona kwamba swali hilo halijibiwi na vitabu vya usafi. Linataka sheria ya kazi, hesabu ya bajeti, na ufundi wa kukaa mezani na mwajiri. Akajifundisha huku akiendelea na ukaguzi. Mwaka 1952 aliunda chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, mwaka uliofuata akawa kiongozi wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini, na mwaka 1955 akaenda Ruskin College, Oxford, chuo kilichofunguliwa kwa ajili ya wafanyakazi waliokosa njia ya kawaida ya kufika chuo kikuu. Huko alisoma siasa na uchumi kwa mwaka mmoja. Hakurudi na digrii.

Alirudi na jambo lingine: alijua elimu aliyoikosa inafananaje. Kenya ya 1957, alipoingia katika Baraza la Kutunga Sheria, haikuwa na chuo kikuu kamili. Waliofaulu waligombania nafasi chache za Makerere, na wachache zaidi walipelekwa Uingereza. Mboya akazunguka Marekani mwaka 1959 akihutubia kumbi baada ya kumbi, akiomba nafasi za masomo vyuoni na nauli kwa watu binafsi. Waliomuunga mkono ni pamoja na mchezaji wa besiboli Jackie Robinson na wasanii Harry Belafonte na Sidney Poitier. Septemba mwaka huo wanafunzi 81 walipanda ndege. Mwaka 1960 mfuko wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000. Kufikia 1963 vijana karibu 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamevuka bahari kwa mpango huo.

Maofisa wa kikoloni waliudharau. Walisema digrii za Marekani ni hafifu, kwa kuwa mwanafunzi wa sayansi hulazimishwa kusoma fasihi na historia, na mwanafunzi wa historia hulazimishwa kusoma biolojia, badala ya kuchimba somo moja miaka mitatu kama ilivyo Uingereza. Baadhi ya vyuo vilivyowapokea vijana vilikuwa dhaifu kweli, na wapo waliorudi bila kukamilisha masomo. Lakini lawama ile ya upana ilikosea shabaha, na shahidi wangu ni msichana mmoja kutoka Nyeri.

Wangari Muta alisafiri mwaka 1960 kwenda chuo cha Mount St. Scholastica huko Atchison, Kansas, kilichoendeshwa na masista Wabenedikto. Somo lake kuu lilikuwa biolojia, na pembeni akasoma kemia na Kijerumani. Kijerumani cha nini kwa mtu wa biolojia kutoka Nyeri? Miaka michache baadaye alikuwa Giessen na Munich akifanya utafiti wa shahada ya uzamivu, aliyoipata Nairobi mwaka 1971, mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na ya Kati kufikia hapo. Fani yake ilikuwa anatomia ya wanyama. Alitoka kwenda vijijini kutafuta kupe wanaoeneza ndigana ya ng'ombe, kazi finyu kabisa, akaona mambo ambayo fani yake haikumtuma kuyaona: mito imejaa udongo mwekundu, ng'ombe wamekonda kwa kukosa malisho, wanawake wanakwenda mbali kutafuta kuni. Angeweza kuhesabu kupe na kurudi maabara. Mwaka 1977 akaanzisha Green Belt Movement, na mwaka 2004, sasa akiitwa Wangari Maathai, akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Mboya hakuishi kuona hayo. Aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akazikwa Rusinga.

Ukivuka daraja kutoka Rusinga unafika Mbita, na hapo ndipo habari hii inapozama zaidi.

Thomas Odhiambo alizaliwa Mombasa mwaka 1931, akasoma Maseno na Makerere, akafanya kazi Uganda akichunguza wadudu wa mazao, kisha akaenda Cambridge kwa Vincent Wigglesworth, bingwa wa elimu ya miili ya wadudu. Alipopata uzamivu wake mwaka 1965 alikuwa mtaalamu wa jambo jembamba kama sindano: tezi na uzazi wa nzige dume. Angeweza kubaki huko, apate kiti katika chuo kizuri, aandike makala hadi astaafu. Badala yake alirudi Nairobi, na mwaka 1967 akachapisha katika jarida la Science makala juu ya sayansi na maendeleo Afrika Mashariki. Haikuwa makala ya wadudu tu. Alizungumzia jinsi Mwafrika anavyoutazama ulimwengu, jinsi sayansi inavyoweza kuota mizizi katika mtazamo huo, na kwa nini bara linahitaji vituo vichache vyenye ubora wa hali ya juu badala ya vingi vya kubahatisha. Mtu aliyesomea tezi za nzige alikuwa akiandika falsafa na sera.

Mwaka 1970 kituo alichokililia kikaanzishwa Nairobi, ICIPE, kituo cha kimataifa cha fiziolojia na ekolojia ya wadudu. Mwaka huo huo akawa mkuu wa kwanza wa Kitivo cha Kilimo katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mmoja wa waliochochea wazo la kituo alikuwa Carl Djerassi, mwanakemia aliyeshiriki kutengeneza kidonge cha kupanga uzazi, ambaye uzeeni aligeuka mwandishi wa riwaya na tamthilia. Sishangai kwamba watu wa aina hiyo walitafutana.

ICIPE ilipangwa tofauti na idara za kawaida. Mwanakemia, mtaalamu wa tabia za wadudu na mtaalamu wa mimea walifanya kazi juu ya mdudu mmoja kwa pamoja. Tena Odhiambo hakutaka kazi ibaki Nairobi. Akafungua kituo Mbita Point, ukingoni mwa ziwa, ambako mkulima analala njaa kwa sababu ya mdudu yule yule anayechunguzwa kwenye chupa. Aliongoza hadi 1994. Mwaka 1985 aliongoza pia kuundwa kwa Akademia ya Sayansi ya Afrika, inayokusanya wanasayansi wa kila fani, na mwaka 1987 alipewa Tuzo ya Afrika ya Uongozi dhidi ya njaa pamoja na Rais Abdou Diouf wa Senegal. Alifariki 2003. Kituo cha Mbita leo kina jina lake.

Matunda makubwa ya Mbita yaliiva alipokuwa akiondoka, na sitampa sifa isiyo yake. Mapema katika miaka ya 1990 Zeyaur Khan, mtaalamu wa wadudu kutoka India, alianza pale kazi pamoja na John Pickett, mwanakemia wa kituo cha Rothamsted cha Uingereza, na wenzao wa Kenya. Adui wao alikuwa funza anayetoboa bua la mahindi. Mamake ni nondo, hutaga mayai usiku juu ya majani, na funza akishaingia ndani ya bua dawa haimfikii. Wengine ni wa hapa hapa Afrika, wengine walikuja kutoka Asia. Swali la mtaalamu wa fani moja lingekuwa: dawa gani imuue? Wao waliuliza swali la mtu anayejua historia ya nyasi: kabla ya mahindi kufika Afrika, nondo huyu alikuwa anaishi wapi?

Wakaotesha nyasi na mimea ya kila aina na kunusa harufu zake kwa mashine na kwa vipembe vya nondo. Matete, yale ambayo wafugaji wa Kenya huyaita nepia, yalimvutia nondo kuliko mahindi. Akitaga humo, funza wanapotoboa bua hutoka utomvu wa kunata unaowanasa, na wengi hufa. Mimea mingine ilimfukuza nondo kwa harufu yake, mojawapo desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde unaotambaa chini. Basi mpango ukawa hivi: mistari kadhaa ya matete inazunguka shamba, na katikati ya mistari ya mahindi inatambaa desmodiamu. Inamsukuma nondo kutoka ndani, matete yanamvuta nje. Wakulima huuita Vuta Sukuma.

Kisha likatokea lisilotarajiwa. Katika viwanja vya majaribio Mbita, mahindi yaliyopandwa na desmodiamu hayakuwa na kiduha. Msomaji wa Nyanza anakijua kwa jina la kayongo: gugu lenye maua ya zambarau yanayopendeza macho, ambalo mizizi yake hujishikiza kwenye mizizi ya mahindi na kuyanyonya hadi yadumae. Mche mmoja hutoa mbegu makumi ya maelfu, ndogo kama vumbi, na mbegu hizo hukaa ardhini miaka mingi zikingoja. Mama anayeling'oa leo ameshachelewa, kwa kuwa kazi ya uharibifu hufanyika chini ya udongo kabla ua halijachomoza.

Mtaalamu wa wadudu aliyefungwa ndani ya wadudu wake angeandika matokeo ya funza na kuliacha gugu, maana gugu ni la idara nyingine. Hawa waliliuliza. Je, ni kivuli cha desmodiamu? Je, ni mbolea ya naitrojeni inayoongezeka? Walipima vyote viwili, vikawa na mchango lakini havikutosha. Wakachukua maji yaliyopita kwenye mizizi ya desmodiamu ndani ya vyungu, wakamwagilia mahindi kwenye vyungu vingine vyenye mbegu za kiduha. Gugu likashindwa kujishikiza. Mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali, baadhi zinaiamsha mbegu ya kiduha iote, nyingine zinaizuia isiushike mzizi wa mahindi, na mbegu iliyoota bila mwenyeji hufa. Kila msimu akiba ya mbegu ardhini hupungua. Hapo mtu wa wadudu na mtu wa kemia walilazimika kuwa wanafunzi wa magugu, na walikubali kuwa wanafunzi.

Lakini maabara haikutosha kuiingiza teknolojia hii shambani. Wakulima wa Suba na kwingineko, walioanza kuijaribu mwishoni mwa miaka ya 1990, waliitazama kwa jicho la nyumba nzima. Matete hukatwa yakalisha ng'ombe. Desmodiamu hulisha ng'ombe na mbuzi, na maziwa huongezeka. Mbegu zake ni ndogo mno, kwa hiyo huchanganywa na mchanga laini ili mkono uweze kuzimwaga sawasawa mferejini. Msimu wa kwanza palizi ni ngumu, kwa kuwa desmodiamu changa inafanana na magugu. Na kwa kuwa mimea hii hudumu miaka, mwenye shamba la kukodi kwa msimu mmoja hana sababu ya kuipanda. Hapo suala la wadudu linakuwa suala la haki ya ardhi, na la nani ndani ya boma ana kauli juu ya ng'ombe. Anayetaka kuyafahamu mashamba yale ajue wadudu, kemia, ufugaji, sheria ya mirathi na lugha ya nyumbani. Mkulima wa Suba anayajua mengi ya hayo bila cheti, na mpango huu ulienea pale tu watafiti walipomfanya yeye mwalimu wa jirani yake.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba elimu pana ni anasa ya watu walioshiba, humwelekeza Suba na Mbita, kwa watu walioitumia ili washibe.

Shule zetu zimeyumba juu ya jambo hili. Mfumo wa zamani ulimpeleka kijana wa kidato cha tano na sita kwenye masomo matatu na kumfungia mlango wa mengine. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, ulitaka kumrudishia mapana, kuanzia useremala hadi muziki, lakini nia njema ilizama ndani ya mitihani. Karakana zikakosa vifaa, vitabu vikawa mzigo wa kukariri. Sasa kuna mtaala wa umilisi, na Januari 2026 wanafunzi wa kwanza waliingia Gredi ya 10 wakiwa wamegawanywa katika njia tatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Kugawa si kosa. Leakey aliponzwa kwa kukosa kina, na kina hakipatikani bila kuchagua. Hofu yangu ni majina hayo kugeuka kuwa kuta, na mtoto wa miaka kumi na mitano kuambiwa kwamba fasihi si yake kwa kuwa yuko sayansi.

Wakati huo huo rasi ya Homa inaendelea kutoa majibu. Februari 2023 timu iliyoongozwa na Thomas Plummer, pamoja na watafiti wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, ilichapisha habari za Nyayanga, mahali palipo kando ya ziwa kwenye rasi hiyo hiyo: zana za mawe za aina ya Oldowan zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa, na meno mawili ya Paranthropus, jamaa wa kale wa ukoo wa binadamu. Wanajiolojia walikuwamo tangu mwanzo. Na aliyewaonyesha mahali hapo ni mwenyeji aliyekuwa akifanya kazi nao Kanjera, aliyejua kwamba kuna mawe na mifupa inayomomonyoka upande ule.

Mzazi wa Kisegi, wa Nyandiwa, wa Muhuru au wa Karungu, mtoto wako akichagua njia ya sayansi, mtafutie riwaya na mpeleke akaone kuta za mawe za Thimlich Ohinga. Akichagua historia, muulize mwalimu wa biolojia kama anaweza kukaa nao Jumamosi moja shambani. Na wewe mwalimu mkuu, kituo cha Mbita na makumbusho ya Mboya kule Rusinga havihitaji nauli ya kwenda Nairobi. Waandikie muhula huu, uombe siku ya kuwapeleka wanafunzi.